Nikimshika bibi mkono ngozi inachanika, na ndugu wanasema nampiga

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Tandahimba, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Nina miaka 36 na watoto watatu. Huyu bibi ndiye aliyenilea mama alipofariki, na sasa zamu imegeuka. Umri wake tunaukadiria tu, miaka 80 na ushee.

Kilichonileta kwako ni ngozi yake. Kwa miaka hii miwili imekuwa nyepesi kama utandu wa maziwa, mishipa unaihesabu. Kuanzia viganjani mpaka kwenye viwiko ana mabaka meusi yanayoelekea zambarau, mengine makubwa kama kiganja cha mtoto. Anaamka nayo tu. Hajaanguka, hajagongwa, mwenyewe hajui yametoka wapi, na ukiyabonyeza anasema hayaumi.

Mwezi uliopita nilikuwa namnyanyua kwenye mkeka aende chooni. Nilimshika juu kidogo ya kifundo cha mkono, kama siku zote. Akayumba, nikamkaza asianguke. Nikahisi kitu kimeteleza chini ya vidole vyangu. Nilipoachia, ngozi ilikuwa imejikunja upande mmoja kama karatasi iliyolowa, na chini yake nyama nyekundu, urefu wa kidole kizima. Bibi huyu alichanjwa nembo usoni akiwa mwali, na kila siku hutuambia kuwa hakutoa hata chozi. Siku ile pia hakulia. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe nimeshaoza, mjukuu wangu." Neno hilo silisahau, Shangazi.

Nilikikata kile kingozi kwa wembe mpya, nikamwagia spiriti, nikanyunyiza unga wa vidonge vya rangi mbili, nikabandika plasta. Siku ya tatu nilipoibandua plasta, ngozi nyingine ikatoka nayo. Hii ni wiki ya tano na kidonda hakijafunga.

Sasa mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam kwenye hitma. Akaiona mikono ya mama yake. Mimi hakuniuliza, aliwauliza majirani. Jirani mmoja akamwambia kwamba alfajiri huwa anamsikia bibi akilia. Ni kweli analia, nikimwogesha, kwa sababu anaumia. Mama mdogo naye anasema hayo mabaka ni ya usiku, kuna watu wanampiga bibi kwa njia zao. Mjomba ameitisha kikao cha ukoo kabla ya minada ya korosho kuanza. Anataka kumchukua bibi aende naye Dar. Bibi hataki kusikia habari ya kuondoka hapa.

Niseme ukweli wangu wote. Kuna siku nachoka, sauti inapanda na mikono inakuwa na haraka. Lakini kumpiga, Mungu ni shahidi, sijawahi. Na sasa naogopa hata kumgusa. Wiki iliyopita amekaa siku nne hajaoga.

Nikueleze na mengine pengine yatakusaidia. Namwogesha alfajiri kabla sijaenda shamba, kwa sabuni ya mche na dodoki, halafu namsugua kwa taulo mpaka anakauka. Kupakwa mafuta hataki. Chakula chake ni ugali wa muhogo na mboga kidogo, siku hizi ming'oko, na chai. Nyama hawezi kuitafuna. Sukari hatujawahi kumpima. Dawa za kudumu hana, ila vile vidonge vidogo vyeupe vya maumivu ya miguu tunavyonunua dukani, anameza kimoja au viwili kila siku tangu mwaka juzi, na kwa kweli vilimsaidia, hata uso ulimjaa akanawiri. Kazi yake ya zamani ilikuwa kubangua korosho, na mpaka leo ukimwachia anakaa na kijiwe chake anabangua.

Huu ni ugonjwa gani? Kidonda nifanyeje? Na mjomba nimwambie nini?

Mjukuu, Tandahimba

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa kunieleza kila kitu, hata yale ambayo mwingine angeyaficha.

Nianze na sentensi moja uliyoipitisha katikati ya barua, baada ya ming'oko na chai: vidonge vidogo vyeupe, kila siku, tangu mwaka juzi, na uso ukajaa. Hapo niliiweka barua chini kwanza. Leo hii chukua pakiti, usome jina. Kama limeandikwa prednisoloni au deksamethasoni, tumempata mshukiwa mkubwa. Hizi ni dawa za jamii ya steroidi. Ni dawa nzuri sana mikononi mwa daktari, zimeokoa watu wa pumu na maradhi mengine mengi. Lakini zikinunuliwa kiholela kwa ajili ya miguu na mgongo, zikamezwa mwaka na zaidi, zinaikondesha ngozi, zinadhoofisha mifupa, zinapandisha sukari na presha, na zinachelewesha vidonda kupona. Kule kunawiri kwa uso si afya. Uso wa mviringo uliojaa ghafla ni alama ya dawa hizi, na kila muuguzi aliyekaa wodini anaijua.

Nina sababu nyingine ya kuvishuku. Kuchanika na kuvia damu kwa namna hii kunawapata zaidi wazee weupe walioungua na jua maisha yao yote. Weusi wetu unatukinga na jua kwa kiasi, ndiyo maana ngozi zetu huchelewa kuzeeka. Kwa hiyo nikiona mzee wa huku kwetu ana mabaka mengi kiasi hicho, swali langu la kwanza huwa ni anameza nini, au anajipaka nini. Krimu kali za ngozi na mkorogo nazo zina steroidi nyingi tu.

Sasa nisikilize kwa makini: usimwachishe vidonge hivyo kwa ghafla. Najua ukimaliza kusoma hapa mkono utakuwasha uvitupe chooni. Usivitupe. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo mbili zinazotengeneza kemikali ya aina hiyohiyo. Mtu akimeza steroidi kwa muda mrefu, tezi hizo hulala, zinaona kazi yao inafanywa na mwingine. Ukizikatia dawa siku moja, mwili unabaki mtupu: mzee anaishiwa nguvu, anatapika, presha inashuka, na anaweza kufa. Zinapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, daktari akiwa anamwangalia. Mpeleke hospitali ya wilaya hapohapo Tandahimba, wiki hii, na pakiti mkononi. Wakishindwa jambo watamwandikia rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, na hospitali ya Ndanda nayo si mbali sana. Mwambie daktari ameanza lini, anameza vingapi, na kama kuna aspirini au diklofenaki anachanganya. Steroidi na dawa hizo za maumivu kwa pamoja zinaweza kutoboa tumbo. Choo chake kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho.

Na hata kama pakiti itakuwa na jina jingine, safari hiyo haiepukiki, kwa sababu kidonda cha wiki tano kwa mzee hakiangaliwi nyumbani tu. Apimwe sukari. Aulizwe kama ana kinga ya pepopunda. Kidonda kisafishwe na anayejua. Na ujue jambo moja zaidi: mtu anayemeza steroidi anaweza kuwa na uchafu kwenye kidonda bila homa yoyote. Usiseme "hana joto, basi ni salama". Angalia kama pembeni pamevimba, pamekuwa peusi zaidi na pa moto, kama maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, kama kuna usaha au harufu.

Hela ya matibabu isikuzuie. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo. Kama bibi hana kitambulisho cha matibabu cha wazee, anza kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii. Hospitali uliza dirisha la wazee.

Umeuliza ni ugonjwa gani. Kwa sehemu kubwa ni uzee, umekutana na dawa. Ngozi ina tabaka mbili kuu. Ujanani, ile ya juu na ile ya chini zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, moja imeingia kwenye nafasi za mwenzake. Kadiri miaka inavyokwenda yale matuta yanasawazika, tabaka zinabaki zimelazwa tu moja juu ya nyingine, kama kanga mbili ambazo hazijashonwa. Ukizibonyeza kwa juu haziharibiki. Ukizivuta kwa ubavu zinaachana. Ndicho ulichokihisi chini ya vidole vyako. Hukuwa unamuumiza, ulikuwa unamzuia asianguke, na ungemwachia pengine leo tungezungumza habari ya nyonga iliyovunjika.

Mabaka nayo yana asili hiyohiyo. Mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, zile nyuzi imara zinazoishika mishipa midogo zimelegea, kwa hiyo mshipa unapasuka kwa kuguswa kidogo tu, hata kwa kulalia mkono, na damu inatandaa chini ya ngozi. Hayaumi, hayageuki kijani wala manjano kama jeraha la kipigo linavyofanya, yanakaa wiki moja mpaka tatu, na yakiondoka yanaacha weusi wa kahawia. Kama siku moja utaona vidoti vyekundu vingi mwili mzima, au fizi zinatoka damu, au mabaka tumboni na mgongoni, hilo ni jambo jingine na linahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kidonda. Hapa nitakaa, maana kitatokea tena, na siku hiyo nataka mikono yako ijue la kufanya bila kutetemeka.

Nilipokuwa muuguzi mchanga, katika hospitali moja ya huku Kusini, nilipewa mzee mmoja nimbadilishie bandeji ya mkono. Ilikuwa imeshikizwa kwa plasta moja kwa moja kwenye ngozi. Nikafanya tulivyozoea, nikavuta haraka ili asiumie sana. Plasta ilikuja na ngozi yake, kipande cha upana wa vidole vitatu, kama unavyomenya kitunguu. Mzee yule alinipa pole mimi. Sikuwahi tena kubandika plasta kwenye ngozi ya mzee. Kwa hiyo najua ulivyojisikia siku ile ya tatu, na ninakwambia kama aliyepita palepale: plasta iondoke nyumbani kwenu.

Ngozi ikichanika, nawa mikono kwanza. Bonyeza taratibu kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, mkono ukiwa umeinuliwa. Ikipita robo saa damu bado inatoka, nenda hospitali huku umebonyeza. Ikisimama, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yamiminike tu juu ya kidonda, usisugue. Halafu kile kingozi kilichojikunja usikikate. Hicho ndicho bandeji bora kuliko zote, ni cha mwenyewe. Kilowanishe kwa maji kilainike, kisha kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kilicholowa, au pamba iliyolowa na kukamuliwa, kisukume pole pole kirudi mahali pake, kama unavyokunjua jani changa la mgomba bila kulipasua. Usikivute kwa nguvu kifike mwisho. Kikifunika nusu tu ya jeraha, nusu hiyo imepona mapema.

Juu yake weka gozi yenye vaselini, maduka ya dawa wanaijua kwa jina hilo. Isipopatikana, paka mafuta ya mgando kutoka kopo jipya kwenye gozi safi kavu, upande wa kugusa kidonda. Kisha gozi nyingine kavu, kisha zungushia bandeji ya kitambaa bila kukaza, ufunge bandeji kwenye bandeji yenyewe. Chukua kalamu uchore mshale juu yake unaoonyesha kingozi kimeelekea wapi, na uandike tarehe. Siku ya kufungua, utafungua kwa kufuata mshale, kutoka pale kingozi kiliposhikana na mwili kwenda kwenye ncha yake. Ukifungua kinyume unakiinua tena. Kama bandeji ni kavu na haina harufu, iache siku nne au tano. Kuchungulia kila siku kunakirudisha kidonda nyuma. Ikigoma kutoka, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa, ngoja, ilowanishe tena.

Spiriti, hapana. Inaua hata chembe changa zinazojenga ngozi, na maumivu yake hayana sababu. Unga wa vidonge vya rangi mbili, hapana kabisa: unaganda, unafunga uchafu ndani, na unawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Majivu, kahawa, dawa ya meno, maji ya betri, najua vyote vinatumika, vyote viache. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja cha bibi, au liko kwenye ugoko wa mguu, au kingozi chote kimepotea, usijitibie. Miguuni damu inafika kwa shida na vidonda vya huko hukaa miezi.

Kuoga. Mwanangu, dodoki, sabuni ya mche, maji ya alfajiri na taulo la kusugua, vyote vinne kwa pamoja ni vita na ngozi ile, na kilio alichokisikia jirani kinatoka hapo. Sabuni ya mche ni ya nguo, magadi yake yanakausha mafuta machache aliyobaki nayo. Muogeshe jua likishatoka, maji ya uvuguvugu. Mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na huko kwenye uwanda wa Makonde kila mtu anajua bei ya ndoo ya maji. Siku nyingine mfute uso, makwapa, chini ya matiti na sehemu za siri. Tumia sabuni laini ya kuogea, kidogo, na mikono na miguu ipate maji tu. Dodoki badala yake ni kiganja chako. Mkaushe kwa kanga iliyozeeka ikalainika, uiweke juu ya ngozi na kubonyeza, uinyanyue, uweke tena.

Halafu mafuta, ngozi ikiwa bado na unyevu, na tena jioni. Muulize kwa nini hataki. Wazee wengi wanakataa kwa sababu walipakwa losheni ya manukato ikawachoma, au waliteleza. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ni sawa, na mafuta ya nazi pengine atayakubali, ameyajua tangu utoto. Pitisha kiganja kuelekea chini, njia ya vinyweleo, bila kukandamiza, na nyayo uzifute asiteleze. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa katika makazi ya wazee huko Australia Magharibi, uligundua kwamba kupaka mafuta ya kulainisha mara mbili kwa siku mikononi na miguuni kulipunguza kuchanika kwa ngozi karibu nusu. Hakuna dawa ya bei hiyo inayofanya kazi kiasi hicho.

Kumshika ndilo jambo la kujifunza upya, na nakuomba usiache kumshika. Usimvute tena kwa kifundo cha mkono. Tumia viganja vilivyofunguka, siyo vidole vinavyobana. Kunja kanga pana, ipitishe kiunoni kwake juu ya nguo, uishike hiyo kanga pande mbili, na umwombe aegemee mbele na asimame wakati mnahesabu pamoja. Anainuka yeye, wewe unaongoza. Chini kwenye mkeka ni mbali mno kwa umri wake. Mtafutie kitanda au kiti kinachofika magotini, mkeka wake utandikwe juu ya kitanda. Kwa usiku, kiti cha plastiki kilichotobolewa na ndoo chini yake kitapunguza safari za chooni gizani. Kabla ya kumgusa mwambie unachotaka kufanya, akujibu ndipo uanze. Nusu ya kuyumba kwake ni kushtuka.

Kucha zako zikatwe fupi, na zake pia. Pete na bangili uzivue unapomhudumia. Chukua soksi ndefu za pamba zilizotanuka, zisizobana, kata sehemu ya vidole, mvalishe mikononi kuanzia kifundo mpaka kiwiko na miguuni kwenye ugoko. Hazina uzuri, lakini zinapokea mikwaruzo badala yake. Funga vitambaa kwenye kona za kitanda, angalia ncha za bati mlangoni, na mbuzi ya nazi isiachwe njiani. Kazi ya korosho ndiyo imefika mwisho. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza hata mkono wa kijana, kila mwanamke aliyebangua kwa moto anayo alama yake. Mpe mbaazi zilizopukuchuliwa azichambue, asikae bila kazi, kukaa bure kutamuumiza zaidi.

Chakula: muhogo na ming'oko vinashibisha lakini havijengi ngozi. Mko kwenye nchi ya mbaazi, kunde na choroko, zipondwe zilainike. Mayai. Dagaa wakaushwe, wasagwe, wachanganywe kwenye uji. Korosho au karanga zitwangwe ziingie kwenye kisamvu. Mabibo yakianza mkamulie, yana vitamini C kuliko hata machungwa, na ngozi haijengeki bila hiyo. Nje ya msimu, papai na embe. Na mpe maji mchana kutwa. Naamini anayapunguza kwa makusudi asikusumbue kwenda chooni, muulize.

Sasa mjomba. Nitasema jambo ambalo pengine halitakupendeza: hakukosea kushtuka. Alikosea kuwauliza majirani kabla yako, lakini mtoto anayeona mikono ya mama yake iko vile na asishtuke, huyo ningemwogopa. Wazee wanapigwa, nimewapokea wodini. Alama zao huwa usoni, masikioni, mgongoni, kifuani, mapajani kwa ndani, zina umbo la vidole au fimbo, na mzee mwenyewe anajikunyata mtu fulani akiingia. Mwambie mjomba aangalie yote hayo kwa macho yake. Usimzuie, usikasirike.

Kubwa zaidi, mwombe aje kabla ya kikao, mwende naye hospitali. Asikie kwa daktari, siyo kwako. Na siku ya kikao fanya hivi mbele ya wazee: mwombe afumbate vidole vya mikono yake miwili viingiliane, kisha avute. Haviachani. Halafu abandike kiganja juu ya kiganja, asukume. Vinateleza. Mwambie, "Mjomba, ile ya kwanza ni ngozi yako. Hii ya pili ni ya mama."

Maneno ya mama mdogo usiyaache yakae. Leo inasemwa bibi anapigwa usiku na watu, kesho maneno yaleyale yanageuka, anaambiwa yeye ndiye anayetoka usiku, na unajua wazee wetu yanayowapata neno hilo likishasemwa. Daktari akieleza, mwombe mjomba alifute yeye mwenyewe hadharani, kwa kuwa ndiye anayesikilizwa.

Kisha sema kwamba umechoka. Liseme kikaoni kama ulivyoliandika hapa. Ngozi ile inaumizwa na haraka zaidi kuliko hasira, na mtu mmoja mwenye shamba, watoto watatu na mzee hawezi kuacha haraka. Nani atakuja kumwogesha Jumatatu na Alhamisi? Nani atanunua gozi na mafuta kila mwezi? Nani atalipa nauli ya hospitali? Mjomba anataka kumtunza mama yake, mpe sehemu ya kumtunza. Na kabla hawajaamua habari ya Dar, bibi aulizwe mwenyewe, mbele ya wote, na jibu lake lisikilizwe mpaka mwisho.

Na lile neno lake, kwamba ameoza. Usimjibu kwa "usiseme hivyo, bibi". Jioni unapompaka mafuta, mkono wake ukiwa juu ya paja lako, mwambie tabaka mbili za ngozi zilivyo, mwonyeshe kwa viganja vyako, kama utakavyomwonyesha mjomba. Aliyevumilia nembo akiwa mwali anaweza kuusikia ukweli wa mwili wake. Mwambie kingozi kilichorudishwa mahali pake kinashika tena hata kwa mzee wa miaka yake, kwa sababu ni kweli, nimekiona kikishika.

Niandikie ukitoka hospitali, na uniambie jina lililokuwa kwenye ile pakiti.

Shangazi